Mbona hawatoki? Tunayoyakosea kuhusu waumini wanaobaki

Habari za Shakahola, msitu wa Kilifi nchini Kenya ambako mamia ya waumini walikufa, wengi kwa kufunga hadi kufa wakiamini watakutana na Yesu, zilipoanza kutoka Aprili 2023, kila mahali watu walikuwa na swali moja, kwenye matatu, kwenye foleni ya maji, kwenye simu na ndugu walio mbali: mbona hawakutoka? Mtu anaona mtoto wa jirani anazikwa kwa sababu ya njaa, naye anabaki? Swali hilo lilinigusa kwa namna yake, kwa kuwa mama yangu mdogo alikaa miaka tisa katika kanisa moja dogo, ambalo sitalitaja, huku akijua tangu mwaka wa pili kwamba mambo hayako sawa. Majibu mengi tunayojipa sisi tulio nje si ya kweli. Na yanadhuru, maana yanatufanya tufunge mlango ambao siku moja ndugu yetu atauhitaji.

Dhana: Hawajui. Wakiambiwa ukweli watatoka.

Hii ndiyo inayotupotezea muda mwingi kuliko zote. Tunatuma video, tunatuma picha za magazeti, tunapiga simu usiku kubishana kuhusu mistari ya Biblia, halafu tunashangaa kwamba hakuna kilichobadilika.

Taarifa zilikuwepo. Paul Nthenge Mackenzie, kiongozi wa waumini wa Shakahola, aliyekuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha Good News International Church huko Malindi mwaka 2003, hakuhubiri mafichoni. Mwaka 2017 alikamatwa, na watoto wengi wakachukuliwa kutoka kanisani kwake, kwa sababu ya mahubiri ya kukataa shule. Mwaka 2019 alishikwa tena, safari hii kwa kuwaambia watu wasijiandikishe Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali ya Kenya, ambayo aliihusisha na chapa ya mnyama. Kanisa likafungwa, na waumini wakamfuata msituni. Machi 2023 alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mambo haya hayakuwa siri.

Lakini habari haimfikii mtu mtupu. Inamkuta amekwisha kufundishwa maana yake. Ukiwa umeambiwa kwa miaka kwamba dunia itawachukia watakatifu, siku polisi wanapokuja unabii umetimia. Mama mdogo alikuwa na mstari wake kutoka Zaburi ya 105: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Zaburi hiyo inasimulia jinsi Mungu alivyowalinda Ibrahimu na uzao wake walipokuwa wachache wakitangatanga kati ya mataifa. Pale kanisani kwao ulikuwa mstari wa kumnyamazisha anayeuliza habari za pesa. Mwaka wa pili aliona kwa macho yake hati ya kiwanja kilichonunuliwa kwa michango ya akina mama, nayo ilikuwa na jina la mchungaji. Alirudi nyumbani akafunga siku tatu, akimwomba Mungu amsamehe kwa kumwazia vibaya mtumishi wake.

Kuna uzito mwingine ambao sisi wa nje hatuupimi. Fikiria mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kufa katika mfungo. Akiendelea kuamini, mtoto yuko kwa Yesu, anamngoja. Akiacha kuamini, mtoto yuko shimoni, na aliyemnyima uji ni yeye. Nani ataukimbilia ukweli wa namna hiyo? Juni 2023, watu 65 waliookolewa Shakahola walifikishwa mahakamani Shanzu wakidaiwa kujaribu kujiua, kwa sababu waligoma kula hata baada ya kutolewa msituni. Kiongozi wao alikuwa kizuizini na makaburi yalikuwa yanafukuliwa mchana kweupe. Hakukuwa na video ya kuwatumia ambayo ingewaambia zaidi ya hayo.

Dhana: Ni watu maskini, wasiosoma.

Tunapenda kusema hivi kwa sababu inatuweka sisi salama. Kule Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako mamia ya waumini walikufa mwaka 2000, mmoja wa viongozi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu alikuwa Dominic Kataribabo, padri aliyesomea shahada ya uzamili ya teolojia Marekani. Kiongozi mwingine, Joseph Kibwetere, aliwahi kufanya kazi ya elimu na alikuwa mtu wa heshima katika eneo lake. Wafuasi wa mchungaji Mmarekani Jim Jones, waliofia Guyana mwaka 1978, walikuwa na wanasheria, wauguzi na walimu kati yao. Elimu haimzuii mtu kukosea. Mara nyingine inampa maneno mazuri zaidi ya kulitetea kosa lake.

Dhana: Wamerogwa. Kuna kitu wamewekewa kwenye maji au kwenye mafuta.

Nyumbani kwetu maneno haya yalisemwa sana, na shangazi mmoja alitaka tumpeleke mama mdogo kwa mtaalamu. Wazungu nao wana toleo lao, wanasema akili imeoshwa. Yote mawili yanasema kitu kimoja: mtu mwenyewe hayupo tena, kabaki mwili.

Mwanasosholojia wa Uingereza Eileen Barker alilifuatilia kwa karibu kanisa la Mkorea Sun Myung Moon, lililokuwa likishutumiwa kila siku kwa kuosha watu akili. Alihesabu zaidi ya watu 1,000 waliohudhuria semina za kundi hilo jijini London mwaka 1979. Waliojiunga kabisa hawakufika mmoja kati ya kumi, na wengi wa hao waliojiunga waliondoka wenyewe ndani ya miaka michache, bila kutekwa wala kufanyiwa tiba yoyote. Dawa ya kuosha akili inayoshindwa mara tisa katika kumi si dawa. Kinachofanya kazi ni vitu vya kawaida kabisa, ambavyo hata sisi tunaviishi: kupendwa, kuogopa, kuona aibu, kuwa na kazi inayokupa maana, kuzungukwa na watu wanaokubaliana. Mama mdogo hakuacha hata siku moja kuwa mama mdogo. Alikumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wetu.

Dhana: Unabii ukishindwa, kundi linavunjika.

Kanungu waliambiwa dunia itaisha tarehe 31 Desemba 1999. Watu walikuwa wameuza mashamba, ng'ombe na mabati ya nyumba zao. Mwaka mpya ukaingia, jua likachomoza kama kawaida. Inaelezwa kwamba baadhi walianza kudai mali zao. Viongozi hawakuomba radhi. Walitoa tarehe nyingine, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliungua ndani ya jengo ambalo madirisha na milango yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Mwanzoni ilisemekana wamejiua. Siku zilizofuata miili mingine mingi ilipatikana katika mashimo kwenye nyumba zilizohusiana na viongozi, Rugazi, Rutoma, hata Buziga jijini Kampala, na polisi wakaanza kuitaja kuwa mauaji. Waliokufa kwa jumla wanahesabiwa kuwa zaidi ya 700.

Kwa hiyo ni kweli kwamba unabii ulioanguka unaleta maswali. Lakini tazama waliouliza walikuwa wapi: ndani ya uzio, hawana shamba la kurudia, na mtu aliyeshika mali zao ndiye anayeshika lango. Kwa kiongozi wa namna hiyo, siku ya unabii kushindwa ndiyo siku ya hatari kubwa kwa walio chini yake.

Dhana: Anayetaka kutoka si atoke? Mlango uko wazi.

Mara nyingine mlango haukuwa wazi hata kidogo. Uchunguzi wa maiti za Shakahola ulionyesha wengi walikufa njaa, lakini wengine, wakiwemo watoto, walinyongwa, walipigwa au walizibwa pumzi. Waendesha mashtaka wanasema kulikuwa na walinzi wa kuhakikisha hakuna anayevunja mfungo wala kutoroka. Mackenzie na wenzake wameyakana mashtaka. Kule Jonestown, kijiji cha Jim Jones huko Guyana, paspoti za watu zilichukuliwa na kijiji kilizungukwa na msitu. Mbunge wa Marekani Leo Ryan alipokwenda kuwaona Novemba 1978, watu wachache walijitokeza kuondoka naye. Walishambuliwa kwa risasi kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Port Kaituma, na Ryan mwenyewe aliuawa. Siku hiyohiyo, tarehe 18, zaidi ya watu 900 walikufa, karibu theluthi moja wakiwa watoto.

Nataka kukaa kidogo na mwanamke mmoja wa siku ile, Christine Miller. Sauti yake ipo kwenye kanda iliyorekodiwa. Jones alipotangaza kwamba wote watakufa, yeye alisimama akapinga, akasema watoto wanastahili kuishi. Waliomzima si Jones peke yake. Ni waumini wenzake, waliompigia kelele mpaka akanyamaza. Kila nikifikiria umati ule najiuliza ni wangapi walikuwa wanawaza kama yeye na wakapiga kelele ili jirani asiwashuku.

Kanungu walikuwa na njia nyingine ya kuleta jambo hilohilo. Waumini hawakuruhusiwa kuzungumza ovyo, waliwasiliana kwa ishara, eti wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Mume alitenganishwa na mke, watoto na wazazi. Mahali kama hapo unaweza kuishi na mashaka miaka mitatu bila kujua kwamba anayelala mkeka wa pili ana mashaka yaleyale.

Hapa ndipo nitenganishe dini yenye masharti makali na kundi linalomkamata mtu. Mfungo mrefu, mavazi ya heshima, sala za usiku, zaka, hayo hayamfanyi mtu mateka. Mimi naangalia mambo matatu: unaweza kuuliza pesa zimekwenda wapi bila kuitwa pepo? Unaweza kumtembelea dada yako asiye wa kundi? Ukiondoka, watoto wako wataendelea kukupokea?

Na kuna minyororo isiyo na mlinzi wala uzio. Baada ya mama mdogo kutoka nilimuuliza, kwa hasira ambayo sasa naijutia, kwa nini alibaki miaka yote saba tangu aione ile hati. Aliniangalia akaniuliza, "Mwanangu, msiba wa baba yenu mdogo, nani alipika?"

Nilinyamaza. Sisi tulifika siku ya mazishi na tukaondoka jioni. Wanawake wa lile kanisa walilala naye kwenye majamvi hadi arobaini, walimpikia, walimfulia, walimlipia deni la dukani. Yale ninayoyaita kundi linalomkamata mtu, kwake yalikuwa majina ya watu kumi na wawili waliomshika alipokuwa hawezi kusimama. Kutoka ilikuwa na maana ya kupita sokoni na wote kumi na wawili kugeuza uso, maana ndivyo walivyofundishwa kumtendea aliyerudi nyuma, na yeye mwenyewe alikuwa amewatendea wengine hivyo. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini sana.

Dhana: Tumsuse, atajifunza.

Ukoo wetu ulijaribu. Mjomba alipiga marufuku asialikwe harusini. Tuliacha kumpigia simu. Mchungaji alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ndugu zake wa damu watamtupa, nasi tukaitimiza kazi hiyo kwa niaba yake.

Ni mama yangu peke yake aliyekataa. Kila mwezi alimtumia vocha ya simu na kumpigia kumsalimia. Habari za kanisa hakuzigusa. Alimuuliza kuhusu goti lake, akamweleza bei ya samaki, akamwambia yule binti wa jirani kajifungua mapacha. Wakati ule niliona ni udhaifu. Chumba cha nyuma alikiacha kitupu, na tulipotaka kukipangisha alisema kina mwenyewe.

Aliyemtoa mama mdogo si sisi, wala si ile hati ya kiwanja. Mwaka wa tisa mjukuu wake alipata malaria, na akaambiwa asimpeleke hospitali, wamwombee kwanza. Akasubiri siku moja. Siku ya pili aliamka alfajiri, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akaenda zahanati bila kumuaga mtu. Mtoto alipona. Alipokuwa amekaa kwenye benchi akingoja dripu iishe, alipitisha kichwani orodha ya watu wote anaowajua, akitafuta namba moja ambayo angeweza kupiga bila kuulizwa kwanza alikuwa wapi.

Alifika kwetu saa mbili usiku na mfuko mmoja wa plastiki. Mama alimwekea maji ya kuoga, akampakulia wali na mchuzi wa samaki, akamlaza mtoto. Mimi nilikuwa na maswali mdomoni. Mama alinikazia macho mara moja tu, na hatukumuuliza lolote mpaka siku ya tatu, alipoanza kusimulia mwenyewe.