Kifo cha Road Hill, 1860: Dhana Potofu Kuhusu Kachero na Jumba la Kiingereza

Hadithi ya kachero anayeitwa kwenye jumba kubwa la mashambani Uingereza imesimuliwa mara nyingi hata wengi wetu tunaichukua kama historia. Anafika, anahoji watumishi, anawakusanya watu sebuleni, anamtaja muuaji. Kesi halisi iliyowapa watunzi mbegu ya hadithi hizo ni kifo cha mtoto Saville Kent, na haikwenda hivyo hata kidogo. Naandika kwa ajili ya mtoto huyo, na kwa ajili ya mpelelezi aliyesema kweli akaponzwa nayo.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 1860, katika jumba la Road Hill, kijiji cha Road, mpakani mwa Wiltshire na Somerset, mtoto wa kiume ambaye hajafikisha miaka 4 alitolewa kitandani mwake katika chumba alicholala na yaya. Asubuhi dirisha la sebule lilikutwa wazi. Mwili ulipatikana ndani ya choo cha nje, umezungushiwa blanketi, koo limekatwa. Nyumbani walikuwa wamelala watu 12, pamoja naye.

Dhana: majumba hayo yalikuwa ya mabwana wa koo za kale.
Samuel Kent, baba wa mtoto, alikuwa mpangaji. Alikuwa mkaguzi msaidizi wa viwanda, mtumishi wa serikali anayeishi kwa mshahara. Mke wake wa kwanza alipofariki alimwoa mwalimu aliyekuwa akiwafundisha watoto wake humohumo nyumbani, na Saville alizaliwa katika ndoa hiyo ya pili. Watoto wa mama wa kwanza walibaki wakiona mapenzi yamehamia upande wa pili.

Dhana: Scotland Yard huingia mara moja na kukuta kila kitu kama kilivyoachwa.
Scotland Yard ni makao makuu ya polisi wa London, na mapolisi hao hawakuwa na mamlaka ya kuingia wilaya za wenzao bila kuombwa. Mahakimu wa huko walipoomba msaada kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mara ya kwanza walinyimwa. Inspekta Jack Whicher alifika tarehe 15 Julai, wiki mbili baada ya mauaji, mtoto ameshazikwa. Hakuwa mgeni wa kazi: alikuwa mmoja wa watu wanane wa kitengo cha makachero kilichoanzishwa London mwaka 1842. Lakini polisi wa wilaya walimwona kama mtu aliyekuja kuwaumbua.

Wiki hizo mbili ziliharibu mengi. Siku ileile ya mauaji, polisi wa wilaya walikuta kwenye tanuri la jikoni vazi la ndani la kike lenye damu. Usiku waliweka askari wawili jikoni wamnase atakayekuja kulichukua. Bwana Kent akawafungia humo kwa komeo, na vazi likatoweka. Kwa aibu, polisi waliificha habari hiyo. Whicher hakuambiwa. Mambo yalifichuka miezi kadhaa baadaye, yeye ameshaondoka. Siwezi kuisoma sehemu hii bila hasira: mtu ameitwa kutafuta nguo yenye damu, na polisi wa wilaya wanajua iliwahi kuwepo nguo yenye damu, wananyamaza.

Dhana: mshukiwa wa kweli huwa ni mtumishi.
Hivyo ndivyo wilaya nzima ilivyotaka iwe. Yaya, Elizabeth Gough, alikamatwa zaidi ya mara moja na kila mara akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Kosa lake kubwa lilikuwa kulala fofofo wakati mtoto anachukuliwa. Watu waliokuwa radhi kumnyonga msichana wa kazi ndio hao walioona ni ufedhuli kumgusa binti wa nyumba.

Dhana: kachero akigundua siri, kesi imekwisha.
Whicher alimtazama binti wa nyumba. Constance, miaka 16, wa mama wa kwanza, alikuwa na magauni matatu ya kulalia, na moja halikuonekana. Mtumishi wa ndani alikuwa na hakika kwamba aliliandika kwenye daftari la nguo na kulitia kwenye kikapu cha dobi siku ya Jumatatu. Dobi akaapa kwamba kikapu kilipofika kwake gauni halikuwemo. Wengine waliona ni ubishi wa kawaida wa nguo kupotea kwa dobi. Whicher aliona werevu ndani yake: gauni lenye damu lilikuwa limeshateketezwa, kisha gauni safi likatiwa kwenye kikapu lihesabiwe, na baadaye likachomolewa kimyakimya, ili upungufu uonekane umetokea kwa dobi.

Aliona na jambo jingine. Miaka 4 kabla, Constance aliwahi kutoroka nyumbani na William, mdogo wake wa tumbo moja. Alivaa nguo za kiume, akakata nywele zake na kuzitupa ndani ya choo kilekile cha nje.

Whicher alimkamata Constance tarehe 20 Julai, akapewa wiki moja kutafuta ushahidi. Mbele ya mahakimu, gauni ambalo halipo haliwezi kuonyeshwa. Wanafunzi wenzake Constance walieleza jinsi alivyokuwa akilalamika kwamba nyumbani watoto wa mama wa kambo wanapendelewa, lakini kinyongo si ushahidi wa kuua. Wakili wa utetezi alimgeuzia kibao Whicher, akamwonyesha kama mtu anayemharibia maisha binti wa watu. Constance akaachiwa kwa dhamana ya pauni 200, na waliohudhuria wakashangilia.

Wala tusidhani maabara ingemwokoa Whicher. Hata kama gauni lingepatikana, hakukuwa na kipimo cha kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama. Kilipatikana mwaka 1901, mwaka uleule Scotland Yard ilipoanza idara yake ya alama za vidole.

Dhana: alishindwa kwa sababu alikosea.
Magazeti yalimsakama Whicher, na alistaafu mwaka 1864, sababu ikitajwa kuwa maradhi ya ubongo. Aprili 1865 Constance, ambaye alikuwa akiishi katika nyumba ya watawa wa Kianglikana huko Brighton, alifika mahakama ya Bow Street mjini London akakiri kwamba alimuua Saville. Julai alikiri tena mbele ya jaji huko Salisbury, akahukumiwa kifo, na adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Aliachiwa mwaka 1885.

Kurudi kwa jina zuri la Whicher hakukurudisha kazi yake. Baadaye alifanya upelelezi wa binafsi, akatoa mchango mkubwa katika kumfichua mtu aliyejifanya mrithi wa Tichborne, ukoo tajiri wa Kiingereza, na alifariki mwaka 1881.

Dhana: mtu akikiri, hakuna la kuuliza tena.
Constance alisema alitumia wembe wa baba yake, na alikuwa peke yake. Lakini daktari aliyeuchunguza mwili alikuta pia jeraha la kuchomwa kifuani, na alieleza kwamba wembe hauwezi kuchoma hivyo. Tena, kumbeba mtoto aliyelala, kufungua dirisha zito la sebule na kutoka naye nje usiku bila kumwamsha mtu ni kazi inayotaka mikono zaidi ya miwili. Whicher alimshuku pia William, aliyekuwa na miaka 14.

William hakushtakiwa kamwe. Alikuja kuwa mwanasayansi wa viumbe vya baharini, akajulikana kwa utafiti wake wa matumbawe ya Great Barrier Reef huko Australia. Constance alihamia hukohuko baada ya kutoka gerezani, akabadili jina, akawa muuguzi, na alifariki mwaka 1944 akiwa na miaka 100. Hakuwahi kumtaja mwenzake. Mimi naona alisema kweli aliposema aliua, na naona alimkinga mdogo wake aliposema alikuwa peke yake.