Chokora ni nani, na mzururaji ni nani?

Mtu wa Nairobi akisema "chokora", hazungumzii mtu anayetangatanga. Anamaanisha mtu asiye na nyumba, anayelala nje na kuvaa nguo zilizochakaa, na mara nyingi sauti yenyewe imebeba dharau. Wingi wake ni machokora, na upatanisho hubaki wa watu: machokora wamelala. Anayesema "yamelala" amekusudia kutukana. Vijana hulikata likawa chokosh. Kamusi huliandika chokoraa, kwa a mbili mwishoni, lakini mjini hiyo a ya pili haisikiki.

Wengi hulihusisha na kitenzi kuchokora, yaani kuingiza kijiti au kitu chenye ncha mahali ili kutoa kilichomo. Watu huchokora meno baada ya nyama. Mjini, kinachochokorwa ni jaa la taka. Pita soko la Muthurwa, Nairobi, alfajiri utamwona kijana mwenye gunia begani na kipande cha chuma kilichopindwa ncha mkononi. Chupa za plastiki anazitia guniani, vyuma anaviweka kando, katoni anazikanyaga zilale kisha anazifunga kwa kamba. Akikuta mkate, anaunusa kwanza. Baadaye mzigo unafika kwa mnunuzi wa skrepa, unapandishwa kwenye mizani, naye analipwa kwa kilo. Ana saa zake za kazi na njia yake. Ana bezi, yaani mahali anapolala na wenzake, na mgeni haingii hapo kwa kujiamulia tu.

Ndiyo maana naona neno mzururaji halimfai kabisa. Kuzurura ni kwenda huku na huku bila shughuli, na yeye ana shughuli kuliko wengi wanaomtazama wakiwa ndani ya matatu. Mzururaji ni neno lililobebwa sana na askari na mahakama. Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliyekutwa Nairobi bila kazi wala makao angeweza kukamatwa na kurudishwa alikotoka. Mji ulimtaka kama kibarua, kibarua kikiisha aondoke. Sheria ya Uzururaji iliendelea kuwepo miaka mingi baada ya uhuru, hadi ilipofutwa 1997. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa haki hizo, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya kosa alilotenda. Hata hivyo, mtu akisimamishwa usiku Nairobi bado anaogopa kuambiwa kwamba alikuwa anazurura.

Mlalahoi ni mwingine: ni maskini anayechoka na kazi, lakini ana mlango wa kufunga jioni. Mhamaji naye hufuata malisho na maji, na anajua anakokwenda.

Ofisini utasikia "familia za mitaani". Mwanzoni linasikika kama neno la karatasi tu, lakini mimi nalipenda kwa sababu limeona jambo ambalo chokora halilioni. Katika miaka ya 1970 mji uliwazungumzia zaidi wavulana walioelekeza magari kwenye maegesho ili wapewe senti. Shirika la Undugu lilianzishwa 1973 na padri Mholanzi, Arnold Grol, kwa ajili ya watoto kama hao. Wavulana wale walikua, wakapata wenza, wakazaa. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini, zaidi ya 15,000 wakiwa Nairobi. Kati ya watu wa mitaani wapo akina mama wenye watoto mgongoni, na wapo wazazi ambao wao wenyewe walizaliwa mtaani. Ukimwambia mtu kama huyo "rudi kwenu", unamtuma wapi?

Wao wenyewe hutumia chokora? Huweza kuitana hivyo kwa utani wakiwa bezi, lakini likitoka kwa mpita njia linakuwa tusi, na anayeitwa husikia tofauti hiyo mara moja. Unapozungumza naye, "kijana", "mama" au "ndugu" linatosha, na jina lake ni bora zaidi ukilijua. Ukiandika, sema "mtu anayeishi mtaani", au taja kazi yake: muokota chupa, mbeba mizigo, muuza skrepa. Lakini ukimnukuu aliyemtukana, liache chokora kama lilivyosemwa. Ukililainisha, unamkinga mwenye tusi, na msomaji hatajua mwenzake aliitwa nini mbele ya watu.