Dawa za TB: lipi la kuvumilia, lipi la kukimbilia kituoni

Siku za mwanzo za dawa za TB, mkojo hugeuka rangi ya chungwa. Wapo wanaoziacha dawa kwa hofu hiyo tu, na inatuuma sana sisi wafamasia, kwa sababu rangi ile ni rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, inayotoka mwilini. Hata jasho na machozi huweza kuipata. Haidhuru.

Kila dawa ina maudhi yake, nasi tunawapa watu tukiyajua. TB isiyotibiwa huua takriban nusu ya wanaoiugua. Kwa matibabu ya sasa, takriban asilimia 85 hupona, na hapa Uganda vituo vya serikali hutoa dawa hizo bure. Anayekatiza katikati ya miezi sita ya matibabu huvipa vijidudu nafasi ya kuwa sugu, na anaweza kuwaambukiza walio nyumbani.

Miguu ikichoma au kufa ganzi, huenda isoniazidi, dawa nyingine ya TB, imepunguza vitamini B6 mwilini. Endelea na dawa, ila mwambie muuguzi akupe vidonge vya vitamini hiyo. Kichefuchefu kidogo na maumivu ya viungo pia vina tiba yake.

Ini ndilo linalotutia wasiwasi. Kati ya dawa nne za miezi miwili ya kwanza, tatu zinaweza kuliumiza: rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi. Macho yakiwa manjano, ukitapika mfululizo au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, acha kumeza dawa zote na uende kituoni siku hiyohiyo. Hapo hujakatiza matibabu. Daktari atapima ini, atasubiri litulie, kisha atazirudisha dawa hatua kwa hatua. Fanya hivyohivyo ukiona ukungu au ukashindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Ya nne, ethambutoli, hugusa mishipa ya macho.

Ukifika, taja kila unachotumia, hata mitishamba ya sokoni na hata pombe kali ya waragi, maana vyote hupita kwenye ini lilelile. Hakuna wa kukugombeza, tunahitaji kujua. Mama anayetumia vidonge au kijiti cha uzazi wa mpango aseme pia, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu yake. Kisha mwombe mhudumu aripoti madhara uliyopata kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Hata wewe mgonjwa unaruhusiwa kuripoti.