Siku ya Mapumziko Katika Ratiba ya Mazoezi: Maswali na Majibu

Wanaoanza mazoezi huuliza kwanza wafanye zoezi gani na kwa muda gani. Swali la wapumzike lini huja kwa kuchelewa, mara nyingi baada ya goti kuvimba au hamu kupotea. Majibu yafuatayo yanamlenga mtu mzima wa kawaida anayefanya mazoezi kwa ajili ya afya yake, si mwanariadha anayesimamiwa na kocha na daktari wa timu.

Mazoezi ndiyo yanayoujenga mwili. Kwa nini basi niyaache kwa siku nzima?

Kwa usahihi zaidi, mazoezi huupa mwili sababu ya kujijenga, na kazi yenyewe ya kujenga hufanyika baadaye. Mtu anaponyanyua vyuma au kukimbia mwendo mrefu, nyuzi za misuli yake hupata majeraha madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na akiba ya glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa ndani ya misuli na ini, hupungua. Ndiyo kusema kwamba anayetoka mazoezini hutoka akiwa na nguvu pungufu kuliko alizoingia nazo. Katika saa zinazofuata, misuli hutengeneza protini mpya kwa kasi kubwa kuliko kawaida, na baada ya mazoezi mazito kasi hiyo huweza kuendelea kwa saa 24 hadi 48. Akiba ya glaikojeni nayo hujazwa upya kwa muda wa takriban siku moja, mradi mtu amekula vyakula vya wanga vya kutosha, ingawa misuli iliyoumia sana huchukua muda mrefu zaidi. Mwili ukipewa nafasi hiyo hauishii kurudi ulipokuwa, bali huongeza kidogo juu yake, na nyongeza hiyo ndogo, ikirudiwa wiki baada ya wiki, ndiyo tunayoiita maendeleo. Anayeirudia kazi nzito kwa misuli ile ile kabla ukarabati haujakamilika hujikuta akifanya jasho lile lile kwa faida inayozidi kupungua.

Kesho yake sisikii maumivu yoyote. Je, hiyo si dalili tosha kwamba niko tayari?

Si dalili tosha, na hapa ndipo wengi wenye bidii wanapoumia. Sehemu za mwili hazipati nafuu kwa mwendo mmoja. Misuli ina damu nyingi na hujirekebisha haraka. Kano, ambazo ni kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, hupata damu kidogo na hujengeka polepole. Baada ya zoezi zito, kano hubomoa na kujenga kolajeni, yaani protini inayozipa uimara, kwa wakati mmoja, lakini katika siku ya kwanza hadi siku moja na nusu ubomoaji huelekea kuzidi ujenzi, na baada ya hapo ndipo ujenzi unapoushinda. Anayezitwisha mzigo mzito kila siku bila pengo huzirudisha katika hatua ya ubomoaji kabla hazijavuna faida ya kazi iliyotangulia.

Mfupa una subira kubwa zaidi. Unapopokea mzigo usiouzoea, seli maalumu hula kwanza sehemu iliyochakaa, kisha seli nyingine hujaza nafasi hiyo kwa mfupa mpya, na mzunguko huo mzima huchukua miezi kadhaa. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mfupa unaoelekea kuwa imara huwa dhaifu kwa muda. Mtu aliyeanza kukimbia wiki chache zilizopita tayari anahisi pumzi haimwishi na miguu ni myepesi, kwa kuwa moyo, mapafu na misuli vimeanza kuzoea, naye huona hana sababu ya kutoongeza kilomita. Ilhali muundi wake bado uko katikati ya matengenezo. Matokeo yake huweza kuwa ufa mdogo wa mfupa unaosababishwa na mzigo unaojirudia. Jambo hili lilijulikana jeshini kabla ya kujulikana viwanjani: mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza kuvimba na kuuma kwa nyayo za askari waliotembezwa mwendo mrefu, na ni baada ya kugunduliwa kwa eksirei mwaka 1895 ndipo ilipoonekana kwamba mifupa yao ilikuwa na nyufa.

Kwa sababu hiyo, katika miezi ya mwanzo ratiba iwe na siku za mapumziko zilizopangwa mapema, zisizotegemea namna mtu anavyojisikia asubuhi. Mwenye uzoefu wa miaka anaweza kuusikiliza mwili wake na kuamua; mwili wa anayeanza humwambia kwa haraka habari za misuli, lakini habari za kano na mifupa humfikia kwa kuchelewa.

Maumivu yanayokuja siku ya pili ni asidi iliyobaki kwenye misuli?

Hapana, ingawa maelezo hayo bado yanarudiwa sana kwenye jimu. Laktiki, yaani hiyo asidi inayolaumiwa, ambayo hutengenezwa wakati wa zoezi kali, huondolewa kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya kumaliza, hivyo haiwezi kuwa chanzo cha maumivu yanayoanza saa 12 hadi 24 baadaye, yakafikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kuisha ndani ya wiki. Yanatokana na majeraha madogo ya nyuzi pamoja na uvimbe wa ukarabati wake, na huletwa zaidi na mienendo ambayo msuli hurefuka huku ukikaza, kama vile kushuka mteremko au kushusha uzito polepole. Ukali wa maumivu hayo haupimi ubora wa zoezi, na anayeyatafuta kwa makusudi kila wiki anajitesa bure.

Nipumzike siku ngapi kwa wiki?

Inategemea aina ya zoezi zaidi kuliko idadi ya siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wafanye kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au kati ya dakika 75 na 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Ukizigawa dakika hizo utaona kwamba hakuna anayelazimishwa kutoka jasho siku zote saba.

Kutembea kwa kasi kwa nusu saa hakuhitaji siku ya kupona, na mtu mwenye afya anaweza kufanya hivyo kila siku. Mazoezi ya nguvu ni jambo jingine: kundi moja la misuli lipewe takriban saa 48 kabla ya kutwishwa tena mzigo mzito. Anayetaka kunyanyua vyuma siku mbili mfululizo anaweza kufanya miguu leo na mikono na kifua kesho, lakini akumbuke kwamba mgongo, mabega na mfumo wa fahamu hushiriki karibu siku zote mbili, hivyo kugawanya misuli hakuondoi kabisa haja ya siku isiyo na vyuma. Kwa anayekimbia, mpango salama wa kuanzia ni kukimbia siku moja na kuacha siku inayofuata. Akishazoea kwa miezi kadhaa anaweza kubaki na siku moja au mbili za kutokimbia kwa wiki. Vivyo hivyo, siku mbili za kasi kali zisifuatane, hata kwa mwenye uzoefu.

Siku hiyo nilale tu?

Si lazima, na kwa walio wengi si vizuri. Kinachopumzishwa ni mzigo mzito, si mwili wote. Matembezi ya taratibu, kuendesha baiskeli bila kukaza, kuogelea kidogo au kunyoosha viungo huendeleza mzunguko wa damu na kupunguza ukakamavu bila kuongeza majeraha. Kipimo chepesi ni mazungumzo: ukiweza kuzungumza sentensi ndefu bila kuhema, uko mahali panapofaa. Tatizo hutokea pale matembezi ya mapumziko yanapogeuka mashindano na saa ya mkononi. Upande wa pili, kukaa kitini kuanzia asubuhi hadi usiku hakuna faida ya pekee kwa ukarabati wa misuli, na kukaa muda mrefu bila kujongea kuna madhara yake kwa afya.

Wapo wanaohitaji mapumziko kamili: mwenye homa, mwenye kikohozi kizito cha kifuani, na mwenye maumivu ya mwili yatokanayo na maambukizi. Kufanya mazoezi makali ukiwa na homa ni hatari, kwa kuwa baadhi ya virusi huweza kushambulia misuli ya moyo.

Nina kisukari cha aina ya pili. Je, naweza kupumzika kama wengine?

Unaweza, ila kwa mpangilio tofauti kidogo. Zoezi huifanya misuli iipokee sukari kutoka kwenye damu kwa urahisi zaidi, na faida hiyo hudumu kwa saa 24 hadi 72 kisha hufifia. Ndiyo maana wataalamu wa kisukari hushauri zisipite zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi yoyote. Siku za mapumziko zitawanywe katika wiki nzima badala ya kurundikwa pamoja, na siku hizo matembezi mepesi, hasa baada ya chakula, yana thamani kubwa. Anayetumia insulini au dawa zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi azungumze na daktari wake, kwa kuwa mahitaji ya dawa yanaweza kutofautiana kati ya siku ya zoezi na siku ya mapumziko. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu mantiki inafanana: zoezi moja huweza kulishusha shinikizo kwa saa kadhaa, wakati mwingine hadi siku nzima, hivyo mwendo mwepesi wa mara kwa mara humfaa kuliko siku moja ya kujichosha ikifuatwa na siku nyingi za kukaa.

Nikipumzika sitapoteza nilichokipata?

Kwa siku moja, mbili, hata wiki, hapana. Kiasi cha maji ya damu hupungua mapema kiasi, na uwezo wa mwili kutumia oksijeni huanza kushuka kwa namna inayopimika baada ya wiki mbili hivi za kuacha kabisa. Nguvu za misuli hudumu zaidi, kwa kawaida wiki tatu au zaidi. Nyongeza ndogo ya uzito baada ya siku ya mapumziko mara nyingi ni maji, kwa kuwa glaikojeni huhifadhiwa pamoja nayo.

Kuna haja ya kupunguza chakula siku hiyo kwa sababu sijatoka jasho?

Kosa hili hufanywa na watu makini, tena wenye nia njema kabisa. Siku ya mapumziko ndiyo siku ambayo mwili unajaza akiba na kutengeneza protini, hivyo kujinyima wanga na protini siku hiyo ni kuwaita mafundi kazini na kuwanyima matofali. Anayetaka kupungua uzito atazame jumla ya chakula chake cha wiki nzima kwa kiasi, bila kuigeuza siku ya mapumziko kuwa siku ya adhabu. Usingizi nao hauna mbadala: mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku, na sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji hutolewa katika usingizi mzito. Mwenye siku mbili za mapumziko kwa wiki lakini analala saa tano kila usiku bado hajapumzika.

Nitajuaje kwamba ninazidisha?

Dalili moja peke yake haitoshi, tazama zinapoandamana. Uzito uliokuwa unaunyanyua kwa wepesi unakuwa mzito kwa wiki mbili mfululizo, mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka yanakuwa juu kuliko kawaida yako, usingizi unakatika, mafua hayaishi, hasira ziko karibu, na hamu ya mazoezi imetoweka. Uchovu wa aina hii ukikamatwa mapema huisha kwa siku chache au wiki moja hadi mbili za kupunguza mzigo. Ukipuuzwa kwa muda mrefu, huweza kugeuka hali inayochukua miezi kupona, na hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoithibitisha. Daktari hufikia uamuzi baada ya kuondoa sababu nyingine, kama vile upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo.

Kwa mwanamke, kukoma au kuvurugika kwa hedhi baada ya kuongeza mazoezi kusichukuliwe kama jambo la kawaida la wanamichezo. Mara nyingi ni dalili kwamba chakula anachokula hakitoshelezi nguvu anazotumia, hali ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliieleza rasmi mwaka 2014 na ambayo huwapata wanaume pia. Mifupa ndiyo hulipa gharama yake kubwa.

Vipi kuhusu watoto na wazee?

Mtoto anahitaji kucheza na kujongea kila siku, lakini mchezo mmoja wa mashindano uwe na siku moja au mbili za kuachwa kila wiki, kwa sababu sehemu za mifupa yake zinazokua ni dhaifu kuliko kano zinazozivuta. Mzee hupona polepole zaidi baada ya zoezi zito, hivyo apewe pengo refu kati ya siku za nguvu, bila kuambiwa aache mazoezi hayo, maana yeye ndiye anayeyahitaji zaidi.

Ni wakati gani mapumziko hayatoshi na inabidi kumwona daktari?

Maumivu ya mfupa yaliyo mahali pamoja, unapoweza kupagusa kwa kidole, na ambayo huzidi unapotua mguu au huendelea hata usiku, yanahitaji uchunguzi. Usiyafunike kwa dawa za kutuliza maumivu ili uendelee kukimbia. Eksirei ya mwanzo huweza kuonekana safi hata pale ambapo ufa upo, hivyo maumivu yakiendelea, rudi. Kubanwa kifua, kuzimia au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio wakati wa zoezi ni sababu ya kusimama papo hapo na kutafuta msaada wa haraka. Na ikiwa, baada ya zoezi usilolizoea, misuli imevimba na kuuma kupita kiasi huku mkojo ukiwa na rangi ya kahawia kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa misuli iliyovunjika kwa wingi humwaga ndani ya damu vitu vinavyoweza kuharibu figo, na matibabu yake, ambayo huanza kwa maji mengi ya kutundikiwa, hufanikiwa zaidi yanapowahi.