Nyota tano, maji kupwa na ndege ya 00:25: dhana potofu za wasafiri

"Nyota tano ni nyota tano popote"

Hakuna chombo kimoja duniani kinachogawa nyota za hoteli. Kila nchi ina utaratibu wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja, lakini wakaguzi ni wa kila nchi: Kenya kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, Tanzania Bara iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Ufaransa haikuwa na daraja la nyota tano hadi 2009. Ile "nyota saba" ya Burj Al Arab ya Dubai, iliyofunguliwa 1999, ilitoka kwenye kalamu ya mwandishi wa habari; daraja rasmi la hoteli hiyo ni tano.

Mkaguzi huhesabu vitu: ukubwa wa chumba, lifti, mapokezi ya saa 24, mgahawa, jenereta. Hahesabu AC inavyonguruma usiku, wala disko lililofunguliwa jirani wiki moja baada ya yeye kuondoka. Na kwenye tovuti za kubuku vyumba, mara nyingi nyota zimejazwa na mwenye hoteli mwenyewe. Kwa hiyo zisome kama orodha ya vifaa, kisha usome maoni ya wageni wa miezi mitatu ya karibuni, hasa waliotoa alama 6 au 7 kwa 10. Aliyekasirika hutia chumvi, aliyefurahi hasemi kitu. Wa katikati ndiye atakayekuambia kwamba maji ya moto hukatika saa moja asubuhi, wote wanapooga kwa pamoja.

"Hoteli iko ufukweni, basi nitaogelea saa yoyote"

Hii huwapata hata Waswahili wenyewe, ilimradi wametoka bara. Pwani ya mashariki ya Unguja, Matemwe, Bwejuu, Paje hadi Jambiani, mwamba wa matumbawe uko mbali na nchi kavu, na kati yake na ufukwe pana maji ya kina kifupi. Bahari ikipwa inaondoka mamia ya mita. Mahali palipokuwa buluu tupu kwenye tangazo utaona vigingi na kamba za mashamba ya mwani, na akina mama wameinama wakivuna. Picha zile hazidanganyi. Zilipigwa maji yamejaa, basi. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, kina kinashuka karibu na ufukwe, na maji ya kuogelea yapo karibu siku nzima.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda husogea mbele kama dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa Zanzibar hukaribia mita 4. Jambo ambalo matangazo hayasemi ni kwamba siku hizo za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Maana yake, mgeni anayemaliza chai na kushuka ufukweni na taulo begani anakuta mchanga. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: hujaa mnamo saa nne asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali sana.

Kabla ya kulipa, tazama mwezi utakuwaje kwa tarehe zako, au fungua jedwali la maji la bandari ya Zanzibar. Ukiangukia bamvua na unataka upande wa mashariki, panga matembezi asubuhi na bahari jioni, au chagua hoteli yenye bwawa. Ukimfuata mvuvi hadi mwambani, vaa yeboyebo na urudi kabla maji hayajaanza kujaa, kwa sababu yanaporudi hupita kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako.

Pia tofautisha chumba "chenye mandhari ya bahari" na chumba "kinachotazama bahari". Cha kwanza huenda bahari ukaionea kwenye kona ya roshani, shingo umeipinda.

"Ndege ni ya tarehe 15, basi nitakwenda uwanjani tarehe 15 jioni"

Tiketi imeandikwa 00:25, tarehe 15. Siku ya tiketi huanza saa sita usiku, na saa hizo 00:25 ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Ukiambiwa ufike muda wa saa tatu kabla ya safari, unatakiwa uwanjani tarehe 14, saa tatu na dakika 25 usiku. Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya safari ya kimataifa, kwa hiyo saa tano na dakika 25 usiku wa tarehe 14 mlango umefungwa. Anayefika jioni ya tarehe 15 amechelewa karibu siku nzima. Ajabu ni kwamba wazee wa Pwani wasingepotea hapa: kwao usiku hutangulia mchana, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia jua la Alhamisi likizama.

Hasara haiishii kwenye kiti hicho. Ukikosa safari ya kwenda bila taarifa, shirika hufuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na kurudi. Ukiona huwahi, piga simu kabla ndege haijaondoka.

Hotelini kosa ni lile lile limegeuzwa. Ukitua saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 15, kitanda utakacholalia kinahesabiwa tarehe 14. Buku kuanzia 14, kisha iandikie hoteli namba ya ndege na muda wa kufika kwa tarakimu za saa 24: "03:00, tarehe 15". Usipofanya hivyo, mhasibu wa zamu ya usiku anapofunga hesabu za siku atakuandika hukutokea, na anaweza kufuta siku zako zote, si ule usiku mmoja. Ukibuku kuanzia 15, jiandae kukaa kwenye makochi ya mapokezi hadi saa nane mchana.

Kwa nini saa nane? Mgeni aliyetangulia hutoka saa nne au saa tano asubuhi, na chumba kimoja huchukua dakika 30 hadi 45 kubadilisha mashuka, kuosha choo na kukaguliwa. Mhudumu mmoja ana vyumba kumi na kitu. Anayepewa chumba mapema hupewa kile ambacho usiku uliopita hakikuuzwa, ndiyo maana ombi hilo hufaulu hoteli ikiwa tupu na hukwama wikendi ya sikukuu.

Tahadhari moja ya ziada: "12:00" kwenye tiketi ya basi huenda ni saa kumi na mbili asubuhi. Uliza neno "asubuhi" au "mchana" litajwe.

"Hoteli imenikata mara mbili"

Kwa kawaida haijakata, imezuia. Ukitoa kadi mapokezi, mashine huiomba benki itenge kiasi fulani. Tuseme chumba ni shilingi 180,000 kwa siku, unakaa siku tatu, na amana ya 50,000 kwa kila siku kwa ajili ya vinywaji na dobi: jumla 690,000 zimezuiwa. Kama kadi yako inachota moja kwa moja kwenye akaunti, salio linapungua hapo hapo, ingawa hoteli haijapokea hata senti. Ukiondoka ukalipa 540,000 kwa kadi nyingine au kwa simu, zile 690,000 hubaki zimeshikiliwa hadi benki izifungue. Baadhi hufungua baada ya siku chache, nyingine hufika hata siku 30.

Uliza kiasi kitakachozuiwa kabla hujatoa kadi. Wakati wa kuondoka, lipa kwa kadi ile ile, na umwambie karani akamilishe muamala uliozuiwa, asianzishe mpya. Karani mwenye haraka huanzisha mpya. Ukilipa kwa njia nyingine, omba karatasi ya kufuta zuio yenye namba ya idhini. Hiyo namba ndiyo benki itakayoiuliza. Kupiga kelele mapokezi wiki mbili baadaye hakusaidii, kwani hoteli haina tena kitufe cha kubonyeza.

Ukiwa nje ya nchi na mashine ikakuuliza ulipe kwa shilingi au kwa fedha ya pale, chagua fedha ya pale. Shilingi inaonekana rafiki, lakini kiwango cha kubadilisha hupangwa na kampuni ya mashine na faida yake imo ndani. Na wanaokuja Tanzania na bunda la dola za kulipia kila kitu wajue kuwa kanuni za Machi 2025 zilipiga marufuku kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi.

"Nauli hupanda ukiitafuta mara nyingi"

Viti vya daraja moja vimegawanywa katika mafungu ya bei, kila fungu na herufi yake. Vya bei ya chini vikiisha, unaona fungu linalofuata. Kufuta historia ya simu hakurudishi kiti kilichouzwa. Mtego halisi uko kwingine: ukitafuta watu wanne na fungu la chini limebaki na viti viwili, mfumo kwa kawaida huwapa wote wanne bei ya juu. Tafuta mtu mmoja kwanza, kisha wawili, kisha wanne. Bei ikiruka, nunua mbili mbili, ila mtakuwa na namba mbili tofauti za safari, na ndege ikifutwa mnaweza kupangiwa ndege tofauti. Wenye watoto wadogo walipe tu hiyo tofauti.

"Wamefuta viza, pasipoti inatosha"

Tarehe 12 Desemba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 mgeni hatahitaji viza kuingia Kenya. Vichwa vya habari viliishia hapo. Kilichokuja ni eTA, kibali cha mtandaoni kinachoombwa kabla ya safari, kwa ada ya dola 30. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walisamehewa, lakini kinachotazamwa ni pasipoti, si lugha wala jina la ukoo: mzaliwa wa Tanga mwenye pasipoti ya Uingereza ni Mwingereza mbele ya kaunta. Na kaunta yenyewe ni ya shirika la ndege. Karani husoma Timatic, hifadhidata ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ya masharti ya kuingia kila nchi, na ikisema kibali kinatakiwa nawe huna, hakupandishi, maana shirika ndilo litakalogharimika kukurudisha.

Kwa Zanzibar, tangu 1 Oktoba 2024 mgeni kutoka nje hulipa bima ya lazima ya dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar, inayodumu siku 92. Bima uliyonunua kwenu haichukui nafasi ya hii.

Kadi ya njano ya homa ya manjano haihitaji kurudiwa kila miaka kumi. Tangu 11 Julai 2016 inadumu maisha yote, hata ile iliyoandikwa mwisho wa miaka kumi. Kinachowakwamisha watu ni siku 10: cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo chanjo ya jana haifai kwa safari ya kesho.

"Pawabenki iweke kwenye begi kubwa, salama zaidi"

Marufuku kabisa. Ikishika moto chini kwenye mizigo hakuna wa kuufikia. Iwe kwenye begi la mkononi. Kikomo ni saa-wati (Wh, kipimo cha nishati ya betri) 100 bila ruhusa maalumu. Zidisha namba ya mAh iliyoandikwa kwenye kifaa kwa 3.7, gawanya kwa 1,000: ya 20,000 ni 74, inapita, ya 30,000 ni 111, inahitaji idhini ya shirika. Maandishi yakiwa yamefutika kwenye kifaa, askari ataichukua, kwa sababu hana pa kusoma. Emirates, tangu 1 Oktoba 2025, huruhusu moja tu kwa abiria, na hairuhusu kuitumia ndani ya ndege.

"Ndege ikichelewa, Ulaya wanakulipa euro 600"

Inategemea unatoka wapi na shirika gani. Kanuni ya EU 261 hushika safari zote zinazoondoka Umoja wa Ulaya, na zile zinazoingia huko kwa shirika la nchi za Umoja huo. Paris hadi Nairobi kwa Kenya Airways imo. Nairobi hadi Amsterdam kwa KLM imo. Nairobi hadi Paris kwa Kenya Airways haimo. Ucheleweshaji unapimwa mlango wa ndege unapofunguliwa mwisho wa safari, kuanzia saa tatu, na dhoruba au uwanja kufungwa huliondolea shirika fidia ya fedha, ingawa chakula na malazi bado ni juu yake. Ukipewa vocha, unaweza kuikataa na kudai fedha.

Begi lililopotea lina mkataba wake, wa Montreal wa 1999, na kikomo chake tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), kama dola 2,000 hivi, kwa abiria. Hulipwi thamani unayoitaja; unalipwa unayoweza kuithibitisha. Andikisha ripoti ya mzigo kabla hujatoka ukumbi wa mizigo na uondoke na namba yake. Begi likiharibika, madai ya maandishi yafike ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea. Risiti za shati na mswaki ulionunua ukisubiri, ziambatanishe hapo hapo.