Kabla ya kuagiza diski mpya, chunguza makatizo hewa

Diski ya seva ikigoma katika zahanati ya Kibondo au ofisi ya kata huko Uvinza, jambo la kwanza tunaloombwa katika kitengo chetu cha TEHAMA hapa Kigoma ni diski mpya. Diski hiyo huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na ikisubiriwa kazi zote hurudi kwenye daftari. Inauma kuona diski nzima inang'olewa, mpya inafungwa, halafu tatizo linajirudia vilevile, kwa sababu diski haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Sahani ya diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja. Kwa prosesa ya gigahezi 3 huo ni muda wa mapigo milioni 25 hivi, na haiwezi kuupoteza ikisubiri. Hutoa amri, ikaendelea na shughuli nyingine, na kidhibiti cha diski kikimaliza hutuma katizo, yaani ishara ya kuiomba prosesa iache inachofanya na kukisikiliza. Hapo draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuongea na kidhibiti hicho, huitwa ije kupokea data.

Katizo hewa ni lile linalofika bila kifaa chochote kuwa na la kusema, au linalomfikia asiyehusika. Fikiria nyumba ya kupanga yenye geti moja. Hodi ikipigwa, kila mpangaji achungulie kama mgeni ni wake, na ambaye si wake aseme wazi ili mwingine atoke. Ndivyo vinavyoishi vifaa vya PCI (njia ya kuunganisha vifaa na ubao mkuu wa kompyuta) vinavyogawana waya mmoja wa makatizo: kadi ya mtandao, kidhibiti cha USB na kidhibiti cha diski vinaweza kuwa vyote kwenye namba 16. Katizo likija, keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, huzipitia draiva za waya ule, na kila moja inapaswa kujibu IRQ_HANDLED kama kazi ni yake, au IRQ_NONE kama si yake.

Linux ina subira, lakini subira yenye kikomo. Katika makatizo 100,000, yakizidi 99,900 yaliyokosa mwenyewe, huandika irq 16: nobody cared (hakuna aliyejali), kisha huufunga waya. Hapa ndipo diski inaposingiziwa. Anayepiga kelele anaweza kuwa kadi ya mtandao iliyoharibika, ila waya ukishafungwa, diski inayoutumia nayo haisikiki. Amri zake zinapitwa na muda, hitilafu za diski zinajaa kwenye kumbukumbu za mfumo, na msimamizi anasoma mistari ya mwisho tu. Tafadhali rudi nyuma, kwa dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa keneli), mpaka kwenye ujumbe ule. Chini yake zimetajwa draiva zote zinazotumia waya huo.

Sasa nina neno kwa vijana wa vyuo vya Kigoma na Tabora wanaojifunza kuandika draiva. Usiliamini katizo kwa sababu tu limefika. Ukiliamini, utasoma data ambayo bado haijaja, au utaiambia programu kwamba faili limeshasomwa wakati RAM ya kompyuta bado imeshika data ya zamani. Kwenye taarifa za mgonjwa, kosa la namna hiyo halionekani kwa macho, nami naliogopa kuliko seva iliyozimika kabisa.

Muulize kidhibiti kwanza. Kwenye AHCI, aina ya kidhibiti inayotumiwa na diski nyingi za SATA, soma rejista (kisanduku kidogo cha data ndani ya kidhibiti) ya jumla ya makatizo. Ikiwa sifuri, jibu IRQ_NONE uondoke. Ikiwa katizo ni lako, futa rejista ya poti kwanza, ndipo ufute ile ya jumla. Ukigeuza mpangilio huo, biti ya jumla itawaka upya na utakuwa umejitengenezea katizo hewa kwa mkono wako.

Mashine za zamani zenye IDE (njia ya diski iliyotangulia SATA), ambazo bado zipo maofisini, zina mtego wake. Chipu ya 8259A, inayopokea makatizo na kuyafikisha kwa prosesa (mashine hizi huwa na mbili), ikiona ishara imepotea kabla prosesa haijaitikia, hutoa namba 7, na ile chipu ya pili hutoa 15. Namba 15 ndiyo ya mkondo wa pili wa IDE, kwa hiyo draiva ya diski huitwa bure. Angalia biti ya 7 katika rejista ya makatizo yanayohudumiwa ya chipu ya pili: kama haijawaka, usiipe chipu hiyo ishara ya kumaliza. Chipu ya kwanza ipe, maana yenyewe inaamini imepokea kitu. Na kumbuka kuwa kusoma hali ya diski ya mkondo huo wa pili kwenye anwani 0x177 hulifuta katizo. Anayetaka kuchungulia tu asome 0x376.

Makatizo hewa machache si ugonjwa. Amri mbili zinaweza kumalizika kwa kufuatana sana, draiva ikazihudumia zote kwa mara moja, na katizo la pili likakuta hakuna kilichobaki.

Wapo wanaoutibu ujumbe wa Linux kwa kuifanya draiva ijibu IRQ_HANDLED kila wakati. Sikubaliani nao hata kidogo. Ujumbe unatoweka, lakini kelele inaendelea kuila prosesa, na keneli imenyang'anywa njia yake ya kugundua tatizo. Kuwasha seva kwa irqpoll (chaguo linaloiagiza keneli izipitie draiva zote katizo linapokosa mwenyewe) ni afadhali, ingawa huipunguzia kasi. Itumie kupata nafasi ya kuchukua nakala rudufu.

Kabla ya kutuma ombi la diski, pima diski yenyewe kwa smartctl (programu ya kukagua afya ya diski), kisha soma /proc/interrupts, faili lenye hesabu ya makatizo, mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, pamoja na /proc/irq/16/spurious, lenye idadi ya yasiyohudumiwa, ukiweka namba ya waya wako. Zima seva, chomoa kadi inayogawana waya na diski, iwashe tena. Kama idadi ya yasiyohudumiwa imeacha kupanda na diski inasomeka, kinachopaswa kuagizwa ni kadi.