Doa la mwaka huu si la mwaka jana

Kijana mmoja wa hapa Kigoma, anayepima madoa ya nyota, yaani sehemu zenye giza usoni mwake, amenifungulia kompyuta kwa furaha: "Shikamoo mwalimu, angalia, doa la mwaka jana bado lipo, ila limepungua!" Maneno hayohayo nimeyasikia mara nyingi mno. Sentensi moja, makosa mawili.

Kilichopo ni bonde kwenye mchoro wa mwangaza wa nyota, yaani mahali mwanga unaposhuka. Likijirudia kila nyota inapojizungusha, linasema upande mmoja wa nyota una giza kuliko mwingine. Basi. Halisemi madoa ni mangapi, wala kama ni yale ya mwaka jana.

Shuka Ujiji usiku usio na mbalamwezi, utazame ziwani. Taa za wavuvi wa dagaa huko mbali zinaonekana wingu moja la mwanga. Kesho utalikuta palepale, lakini baadhi ya mitumbwi imerudi na mingine imeingia. Kinachodumu ni mahali. Nyota FK Comae, inayojizungusha kwa siku 2.4 hivi, hukaa na giza upande mmoja kwa muda mrefu, kisha giza likahamia upande wa pili. Eti doa limeruka! Hakuna kilichoruka: huku kumefifia, kule kumekolea. Na wanaosema giza huhama kwa ratiba, bado hawajaniridhisha. Makundi mawili ya madoa yakizunguka kwa kasi tofauti kidogo, yakapishana, yatatoa mchoro uleule.

Hilo la "limepungua" ndilo linaloniudhi hasa. Madoa yakitapakaa pande zote, au yakikaa kwenye ncha ya nyota ambayo tunaiona muda wote, bonde linajaa na mchoro unanyooka, huku nyota imechafuka kuliko zamani. Kwa nyota changa zenye sumaku kali, uliza kwanza wastani wa mwangaza: ukishuka, madoa yameongezeka. Jua letu ni kinyume. Madoa yakizidi, lenyewe hung'aa zaidi kwa takriban asilimia 0.1, kwa sababu ya maeneo angavu yanayoandamana nayo.

Haya hayaonekani kwa misimu miwili. Mnajimu Olin Wilson alianza kupima mistari ya kalsiamu kwenye mwanga wa nyota, inayoonyesha nguvu ya sumaku yake, pale Mount Wilson, kituo cha darubini huko California, mwaka 1966, akachapisha jinsi sumaku hiyo inavyopanda na kushuka kwa miaka mwaka 1978.

Nilimuuliza kijana wastani wake uko wapi. Programu ilikuwa imesawazisha kila msimu ili wastani wake ukae kwenye 1. Tukaondoa usawazishaji, tukachora upya. Msimu wa pili, wenye bonde dogo, ulikaa chini ya ule wa kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho.